Mapokezi Hayaachwi Wazi

Wageni wote huuliza swali lile lile, na kila mmoja hudhani yeye ndiye wa kwanza kuliuliza. Wanatua mizigo, wanafuta jasho, wanaegemea kaunta yangu, halafu wanasema, "Haya dada, huku kwenu mtu anafanya nini?"

Nami huwajibu. Ningeweza kuwajibu hata usingizini. Kuna maporomoko, nawaambia, na nyuma ya maji kuna njia nyembamba, unapita bila kulowa kama unajua pa kubana bega. Kuna chemchemi za maji moto, moja ya kukaa ndani na nyingine ya kuchemshia mayai, na tafadhalini msizichanganye. Kuna daraja la kamba kwa wenye moyo, pango la popo kwa wasio na kinyaa, na farasi wa kupanda kwa wavivu, ingawa hilo neno la mwisho silisemi kwa sauti. Na kuna Bega, ule ukingo wa mlima unaoonekana kupitia dirishani kwangu. Ukifika Bega unaliona bonde lote kwa mara moja. Ukivuka Bega unashukia upande wa pili, kwenye barabara ya lami na magari na watu wasiokujua wewe ni mtoto wa nani.

Asubuhi ile walikuja maharusi, wale wa kushikana mikono hata wakati wa kuvua viatu. Bibi harusi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, kwa wema tu, "Na wewe mwenyewe unapenda kwenda wapi zaidi?"

Nikamwambia napenda Bega.

Bega sijawahi kufika. Maporomoko sijawahi kuyaona isipokuwa kwenye picha iliyotundikwa nyuma ya kichwa changu. Chemchemi niliwahi kupelekwa nikiwa wa kubebwa mgongoni. Yote niliyokuwa nikiwauzia wageni niliyapata kwa wageni wengine, na kwa mtu mmoja ambaye ndiye aliyenifanya siku ile nisimame pale na macho yamenivimba, nikimdanganya bibi harusi wa watu.

Nyumba yetu ya wageni ina sheria moja iliyo juu ya zote: mapokezi hayaachwi wazi. Bonde letu limezungukwa na majabali, simu hazishiki, kwa hiyo waongozaji walio mlimani huongea na nyumba kwa firimbi. Mlio mmoja mfupi ni sahani moja ya chakula. Wakirudi wageni wanne na njaa yao, inapulizwa minne mifupi, na Mama anaongeza maji kwenye sufuria. Mlio mmoja mrefu maana yake tumevuka upande wa pili, msitungojee. Milio mitatu mirefu, kisha kimya, kisha mitatu tena, hiyo ni ya kuomba msaada, na hiyo haichezewi hata na mlevi. Sisi huku chini tunajibu kwa ringi kuukuu ya lori iliyoning'inizwa barazani. Pigo moja, tumesikia. Mapigo mfululizo, rudini, nyumbani kuna tatizo. Walio maporomoko au chemchemi hawaisikii, majabali huwaziba.

Baba alikuwa mwongozaji. Siku aliyoteleza chini ya Bega na kuvunjika nyonga, alipuliza mitatu mirefu mpaka midomo ikachubuka, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu Mama alikuwa ametoka kidogo, amekwenda chemchemi kuoga. Alikutwa jioni. Tangu hapo Baba anatembea kwa magongo, na tangu hapo kaunta haijakaa tupu hata kwa muda wa kupiga chafya, maadamu kuna mtu mlimani. Mama ana jiko. Baba ana kiti chake barazani. Mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Huhitaji kuambiwa nani aliwekwa dirishani, wala kwa nini bonde zima linaniita Mapokezi.

Yule aliyenivimbisha macho, mwongozaji naye, wanamwita Firimbi. Hakuna anayepuliza kama yeye, mlio wake unashuka mlimani umenyooka. Ndiye aliyekuwa akishuka wa mwisho kila siku, na kabla ya kwenda kwake alikuwa akisimama kaunta, kofia mkononi, ananiambia alichokiona. Alinipandisha mlima ule kwa mdomo tu. Hapa kuna jiwe limelala kama ng'ombe, usilikanyage, lina utelezi. Hapa njia inagawanyika, shika ya kushoto ingawa ya kulia ni nzuri zaidi. Hapa upepo unakupiga kofi ghafla, ndipo unajua umefika.

Kisha akaanza mchezo wake. Akimaliza kupuliza sahani za wageni, alikuwa akiongeza kamlio kamoja kadogo mwishoni, kanakopanda juu na kukatika, na hako kalikuwa kangu. Siku ya kwanza Mama alikahesabu. Akapakua sahani ya ziada, akamgombeza Firimbi mbele ya wageni kwamba hajui kuhesabu, na yeye akakubali kwa adabu zote kwamba kweli hesabu zinampiga chenga. Mimi nilikuwa nimejificha chini ya kaunta nikicheka mpaka nikashika mbavu.

Hicho kicheko ndicho kilichonimaliza. Nilipotoka chini ya kaunta nilikuwa nampenda, na sikuwa na pa kwenda kulificha pendo lenyewe, maana nilikuwa naonekana na kila mtu anayeingia na kutoka.

Jana yake jioni alikuja kwa wazazi wangu. Shati limepigwa pasi, kofia ameiacha nyumbani, mikono hajui aiweke wapi. Akawaambia ananitaka, na kwamba amepata kazi kwa kampuni ya kuongoza wageni ng'ambo ya mlima, milima mikubwa zaidi, na wanamtaka kesho. Mama alimsikiliza huku akikunja na kukunjua upindo wa kanga. Akamwambia yeye ni kijana mzuri, hana neno naye, lakini ana nini zaidi ya firimbi. Halafu akasema lile lililokuwa moyoni hasa.

"Na ukimchukua huyu, mlima atausikiliza nani?"

Firimbi akanitazama. Nilipaswa kufungua mdomo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta yangu, nimeishika kwa mikono miwili. Akaaga, akatoka.

Asubuhi alipita tena, begi mgongoni, wakati Mama yupo karibu yangu anapanga vikombe. Akaamkia, akasema amekuja kuaga. Mama akamtakia heri. Mimi niliambulia kumwona akiangalia mikono yangu, halafu mlango, halafu hakuwepo. Ndipo wakaja maharusi na swali lao.

Maharusi walichukua mwongozaji mwingine wakaenda chemchemi. Wapagazi wote walikuwa maporomoko na kundi kubwa. Nyumba ilitulia. Nilikuwa nikifuta kaunta ambayo tayari ilikuwa inang'aa, nikiangalia Bega na kujaribu kukisia amefika wapi, niliposikia.

Mitatu mirefu. Kimya. Mitatu mirefu.

Kitambaa kikanidondoka. Mama alitoka jikoni mikono inachuruzika maji, na uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa uso wa siku ile ya Baba. Hatukuhitaji kuulizana ni nani. Mlio ule tuliujua.

Sheria inasema mtu wa mapokezi ndiye anayebeba sanduku la huduma ya kwanza, na wa jikoni anashika kaunta. Haikuwahi kutokea katika zamu yangu. Niliona Mama anatafuta namna ya kuigeuza sheria yake mwenyewe, anatazama huku na huku kama kuna mtu mwingine wa kutuma. Hakukuwa na mtu.

"Nenda," akasema. "Wapagazi wakirudi tu, nitawatuma wakufuate."

Baba alikuwa ameinua kichwa kitini, sikio ameligeuzia mlimani, anasikiliza kama anayeonja mchuzi. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaniambia tu nikaze viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa ndala. Nikapiga ringi mara moja, tumesikia, nikakimbia.

Sijui nilipandaje. Najua nililia njia nzima. Nilimwona amevunjika mguu, nilimwona kichwa kinavuja damu, nilimwona amelala pale pale alipolala Baba. Nilimwita kwa jina lake halisi ambalo hata yeye amelisahau. Na katikati ya kilio chote kile, miguu yangu ilijua pa kukanyaga. Jiwe la ng'ombe nililikwepa kabla sijaliona vizuri. Njia ilipogawanyika nikashika ya kushoto. Upepo uliponipiga kofi nikajua nimefika, na nikamwona ameketi juu ya jiwe, begi pembeni, magoti yote mawili mazima.

"Umeumia wapi?" nikamuuliza.

"Sijaumia."

"Nani kaumia?"

"Hakuna."

Nikaliacha sanduku lidondoke. Bandeji zikabingirika kwenye majani. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, nikampiga tena, naye hakujikinga.

"Unajua Baba alilala wapi?"

"Pale," akasema, akaonyesha kwa kidevu bonde dogo chini yetu. "Napapita kila siku."

"Na bado ukapuliza."

"Nikapuliza. Nilifika hapa nikakaa nikasema, haya, navuka. Miguu ikagoma. Nimekusimulia mahali hapa mpaka ulimi ukaota sugu. Nikaona ninaondoka na hujapaona, na hutapaona, utazeeka pale unawaambia watu pazuri. Ni kitu gani kingekutoa kwenye ile kaunta? Niambie. Barua? Mimi kufa? Nikapuliza kufa."

Nilitaka kumpiga mara ya tatu lakini mikono ilikuwa imechoka.

"Geuka basi," akasema taratibu. "Unikasirikie baadaye. Geuka."

Nikageuka. Bonde lote lilikuwa chini yangu. Maporomoko yale, uzi mweupe. Mvuke wa chemchemi. Daraja la kamba. Vyote vilikuwa pale nilipokuwa nikivisema, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nikivisema kwa usahihi namna ile bila kuvijua. Kisha nikaitafuta nyumba yetu. Ilinichukua muda. Paa la bati, kona ya baraza. Nikainua kidole gumba mbele ya jicho moja na nyumba ikapotea, na kaunta ikapotea, na miaka yangu yote ikapotea chini ya ukucha. Nikashusha mkono haraka kwa hofu.

"Ndogo, siyo?" akasema.

"Nyamaza."

Akanishika bega na kunigeuza upande wa pili. Lami ilikuwa ikijikunja kule chini, na gari moja lilimeta likapotea. Akaniambia twende. Hivi hivi. Nikamwambia nina ndala. Akasema atanibeba mpaka kwenye lami, na baada ya hapo ndala zinatosha, maana matajiri wengi wamekanyaga lami ile kwa ndala. Nilicheka na nilikuwa bado nalia. Mikono yake ilikuwa na joto, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na ubao kati yetu. Nilikuwa sijui kwamba ana harufu ya majani makavu. Mwaka mzima wa mapenzi, na hilo nilikuwa silijui.

"Tushuke kwanza," nikamwambia. "Tuwaambie wote wawili, mbele ya Baba, kisha tuondoke kwa mlango."

Uso wake ukajifunga.

"Niwaambie nini? Kwamba nimepuliza msaada wa uongo? Mwongozaji akifanya hivyo hapandi tena mlima huu, na anastahili. Jana ningeweza kurudi hata mara kumi nifukuzwe. Leo siwezi. Baba yako nitamtazama kwa macho gani?"

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa amejifungia na yeye. Mlio ule ule ulionitoa mimi ndio uliomzuia yeye kushuka. Nikatazama paa la bati, nikatazama lami, nikampokonya firimbi shingoni.

Sikuwahi kuipuliza. Ilikuwa na joto la kifua chake. Nikavuta pumzi nikapuliza mlio mmoja mrefu, tumevuka, msitungojee, nao ukatoka ukitetemeka vibaya, lakini ukashuka. Nikamrudishia firimbi, tukangoja pigo moja la kujibu. Halikuja. Akanishika mkono, tukageuka, tukaanza kuteremka upande wa pili, na nilikuwa nimeshakanyaga majani ambayo hayaonekani kutoka dirishani kwangu, wakati ringi ilipoanza kulia.

Haikulia mara moja. Ililia mfululizo, bila kupumzika, chuma juu ya chuma.

Rudini, nyumbani kuna tatizo.

"Anadanganya," akasema Firimbi, hakuniachia mkono. "Amejua unaondoka. Anakuvuta."

"Labda."

"Si labda. Unamjua mama yako."

"Namjua. Na labda Baba ameanguka kwenye ngazi akijaribu kunifuata. Nitajuaje? Hadi leo asubuhi, hakuna mtu katika bonde hili aliyewahi kudanganya kwa firimbi wala kwa ringi. Ukisikia, unakwenda. Wewe ndiye uliyeanza."

Niliona lilivyomwingia, na nilimwonea huruma, na nilikuwa nimekasirika, vyote kwa pamoja. Nikamwambia anifuate. Akatikisa kichwa. Akasema atangoja mpaka kivuli kifike kwenye lile jiwe alilokuwa amekalia, halafu atapuliza na kuvuka. Akanivisha soksi zake juu ya miguu yangu iliyochubuka, akaniwekea bandeji zangu moja moja kwenye sanduku. Nilishuka bila kugeuka nyuma. Ningegeuka ningebaki.

Ringi ilinyamaza nikiwa katikati ya njia, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele.

Nilipoingia uani, Baba alikuwa kwenye kiti chake, beseni la maharage mapajani, anachambua. Mzima wa afya. Mama alikuwa amesimama kando ya ringi, nondo ya kuipigia bado mkononi.

"Kuna nini, Mama?"

"Hakuna."

Ni neno lile lile nililopewa kule juu. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia huyo mwenzake naye ni mzima, hakuvunjika kitu, kwa hiyo wanaweza kupeana mikono, wote wawili wananipenda na wote wawili ni waongo.

Mama hakukasirika. Aliiweka nondo chini polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Nilisikia ule mlio nikajua si yeye," akasema. "Yeye hatetemeki. Nikajua ni wewe. Nilitaka kupiga moja, Mungu anaona. Nilinyanyua mkono nipige moja. Ukaenda wenyewe."

"Ulitaka nikae hapa mpaka lini?"

"Sijui." Akajifuta uso kwa kanga. "Mimi nilitoka siku moja tu. Nilikuwa nimechoka, nikasema nikaoge. Niliporudi nikaapa hapa hapataachwa tena, halafu nikakuweka wewe kwenye kiapo changu. Sikukuuliza. Ulikuwa hata kaunta huifikii, nilikupa kigoda."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno makali tangu jiwe la ng'ombe, nimeyapanga vizuri. Yote yakaisha. Nikasema tu kwamba nimelinda dirisha lile miaka yote hii na nyonga ya Baba haijapona.

"Mimi nilijua," akasema Baba.

Tukamgeukia wote wawili. Alikuwa bado anachambua, anatupa mawe madogo uani.

"Ile ya asubuhi. Nilijua ni ya uongo pale pale. Mtu aliyevunjika hana pumzi ya kupuliza vizuri vile. Mimi niliwahi kupuliza nimevunjika, ilitoka kama mbuzi mgonjwa."

"Na ukanyamaza?" Mama akauliza.

"Ningesema, asingepanda." Akaniangalia. "Umeiona nyumba?"

"Nimeiona."

"Ikoje?"

"Ndogo, Baba."

"Eeh," akasema, na akatabasamu peke yake. "Ndogo kweli."

Mama aliketi kwenye ngazi kando yangu. Sikumbuki lini tulikuwa tumeketi pamoja mchana. Maharusi wakarudi kutoka chemchemi, nywele mbichi, nyuso nyekundu kwa joto la maji. Bibi harusi akasema kesho wanataka kwenda Bega, kule ninakokupenda, kukoje hasa? Nikafungua mdomo kutoa hotuba yangu ya siku zote, na haikuja. Nikamwambia kuna upepo, na kwamba akifika atafute nyumba yetu, asiifunike kwa kidole, atajisikia vibaya.

Hakuelewa. Alikuwa ananiangalia miguu, zile soksi kubwa za kiume, wakati mlio ulipokuja.

Mmoja. Mrefu. Umenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kutetemeka. Nimevuka, msiningojee.

"Hiyo nini?" akauliza bwana harusi.

"Mtu anaaga," nikasema.

Kila mlio hujibiwa. Hiyo nayo ni sheria. Mama aliinuka, akaiokota nondo, akasimama mbele ya ringi tayari kwa pigo moja la kumruhusu aende zake. Kisha akanigeukia akanipa.

Nondo ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Nikaishika kwa mikono miwili nikaipiga ringi, na sikuishia pigo moja. Nikapiga la pili, la tatu, nikapiga mfululizo mpaka kuku wakakimbia uani na bibi harusi akaziba masikio, nikapiga mpaka mabega yakaniwaka moto.

"Mwanangu," Mama akasema, "na wewe unadanganya?"

"Hapana, Mama. Hapa kuna tatizo."

Nikaiacha nondo. Tukasikiliza. Wageni nao wakatega masikio, ingawa hawakujua tunasikiliza nini. Kivuli kilikuwa kimeshalifunika Bega lote. Nilimwona mawazoni amesimama pale juu, firimbi mkononi, uso umeelekea lami, akijiambia kwamba ringi ile ni ya uongo kwa kuwa yeye ndiye aliyetufundisha uongo. Nilimwona anamkumbuka Baba yangu. Kushuka kulikuwa na maana moja tu, kuja kusimama mbele ya mzee mwenye magongo na kukiri. Angeweza kuvuka. Asingelaumiwa na mtu.

Baba aliinua mkono kabla yetu sote. Masikio yake ni ya kazi.

Mlio mmoja mfupi.

Niliketi chini pale pale nilipokuwa. Mama aliufunika mdomo kwa kiganja, halafu akaelekea jikoni kwa hatua za haraka za mtu mwenye shughuli. Mlangoni akasita.

"Hiyo ni sahani," akauliza bila kugeuka, "au ni ule upuuzi wake?"

Kumbe kamlio kangu alikajua. Muda wote ule alijua.

"Weka sahani, Mama."

Nikasikia mfuniko wa sufuria. Nikainuka kwenda kukaa mahali pangu, kwa mazoea tu, mkono ukashika kaunta. Waongozaji wawili walikuwa bado mlimani. Nikaitazama kaunta, nikamtazama Baba, naye alikuwa tayari amekisogeza kiti chake karibu na ringi, nondo ameiegemeza gotini.

"Iliyovunjika ni nyonga," akasema. "Masikio sijambo. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kwa hiyo nikavua soksi zile nisizichafue, nikavaa ndala, nikashika njia ya Bega kwenda kumpokea, na mapokezi nikayaacha wazi.